Nyumba Iliyoshinda Rufaa

Ipo nchi moja inayoongozwa vizuri sana. Jina lake halitajwi hapa, maana wenyewe wanasema lina thamani kubwa na anayelitamka ovyo anaweza kutozwa. Kila kitu katika nchi hiyo kina bei, isipokuwa hotuba za viongozi, ambazo hutolewa bure na kwa wingi.

Mwaka ule Serikali iligundua kwamba wananchi wake walikuwa matajiri kwa siri. Aliyegundua ni Waziri wa Thamani mwenyewe, akiwa kwenye gari kuelekea uwanja wa ndege. Gari lilipunguza mwendo kwenye shimo la barabara, akachungulia dirishani, akaona mapaa ya watu.

"Mabati!" alisema kwa uchungu. "Watu wameezeka mabati, na sisi tunahangaika kwenda kukopa ng'ambo!"

Akaghairi safari, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu uhuru, akarudi ofisini na kuunda Idara ya Kupandisha Thamani. Kazi ya idara hiyo ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na kumjulisha kila mwananchi utajiri alionao, ili alipe kodi ya majengo inayolingana na heshima yake. Sheria iliyotungwa ilikuwa fupi na nzuri. Ilisema kwamba thamani ya nyumba ni kile ambacho jicho la Serikali limekiona.

Bi Filomena Nyangasi wa mtaa wa Majani Mapana hakuwa na habari kwamba ni tajiri. Alikuwa dobi wa hospitali kwa maisha yake yote ya kazi, akifua mashuka ya wagonjwa mpaka kucha zikapauka. Kwa mshahara ule yeye na mumewe Gaspari walinunua saruji mfuko mmoja mmoja, wakafyatua matofali wenyewe, wakainua vyumba viwili na baraza. Gaspari hakuwa fundi. Alijifunzia pale pale. Ukuta wa upande wa jikoni ulipinda, na kila mgeni aliyeutazama alielezwa na Gaspari sababu yake: siku ile mkewe alikuwa akimpa tofali huku akimwigiza mganga mkuu wa hospitali anavyotembea, na mtu hawezi kucheka na kushika timazi ya kunyooshea ukuta kwa wakati mmoja. Gaspari alikuwa ameshalala kwenye makaburi ya parokia. Ukuta ulibaki umepinda, na Bi Filomena alipokuwa peke yake jikoni, aliutazama akatabasamu.

Kila Alhamisi jioni wanajumuiya wa mtaa walisali barazani kwake. Bi Filomena hakuwahi kumaliza sala bila kuwaombea viongozi wa nchi. Aliwataja kwa vyeo, mmoja baada ya mwingine, kwa kuhofia Mungu asije akawachanganya, maana vyeo vilikuwa vingi na vingine vilikuwa vipya hata mbinguni.

"Filomena, fupisha," jirani yake Mama Doroteya alikuwa akimnong'oneza. "Uji wa mtoto unaungua huko kwangu."

"Hujasikia kwamba wameongeza naibu mwingine? Nikimruka, tukiharibikiwa utasemaje?"

Siku gari la matangazo lilipopita likisema Bwana Mthamini wa Serikali ataanzia kazi nyumba ya Bi Filomena, mtaa mzima ulifurahi. Hawakuwahi kupata mgeni wa Serikali aliyekuja bila polisi.

Sasa ieleweke kwamba watu wa nchi ile wana desturi moja. Mgeni mkubwa akija kwa mtu, majirani hawamwachi mwenzao aaibike. Kila nyumba hutoa kilicho bora, kikapelekwa kule alikofikia mgeni, na akiondoka kila mtu huchukua chake. Harusi nyingi zimefungwa hivyo, na mahari kupangwa, na hakuna mgeni hata mmoja aliyedanganyika, kwa kuwa naye kwao hufanya vivyo hivyo.

Basi makochi ya Mama Doroteya yakabebwa kichwani, yakaingia kwa Bi Filomena. Mzee Kizito, mwenyekiti wa jumuiya, alileta saa yake ya ukutani inayolia kama kengele. Bi harusi wa nyumba ya tatu alitoa mapazia yake, akasisitiza yasishikwe kwa mikono yenye mafuta. Kwaya ilitoa maua ya plastiki. Hata zulia la altare liliazimwa, kwa ruhusa ya katekista, kwa sharti kwamba mgeni avue viatu. Bi Filomena mwenyewe alimchinja jogoo wake, wa pekee, aliyekuwa akimwamsha kwa sala ya alfajiri.

Bwana Mthamini Eliakimu Tunda alifika, kijana ambaye kwa umri Bi Filomena angeweza kumzaa. Hakumwamkia. Waraka wa idara ulikataza ofisa kutoa shikamoo, kwa kuwa inashusha thamani ya ofisi.

"Hodi," alisema.

"Karibu, baba, karibu ndani, karibu kiti, jisikie uko kwenu," alisema Bi Filomena, na mtaa mzima uliokuwa umesimama dirishani ukaitikia, "Karibu!"

Bwana Eliakimu alikuwa na miwani mbili, moja kila mfuko. Alitoa ile yenye vioo vinene kama chini ya chupa, akaivaa, akatazama huku na huku. Hakuvua viatu.

"Makochi," alisema, akaandika.

"Ndiyo, baba. Kaa."

"Na hapo nje naona mabenchi. Ni ukumbi wa mikutano?"

"Tunasali hapo, baba. Tunazungumza na Mungu."

"Moja kwa moja, au mnapitia ofisi fulani?"

"Moja kwa moja kabisa, baba."

Alitingisha kichwa kwa mshangao, akaandika. Kisha jogoo akaletwa, ameungwa kwa nazi, na wali juu. Bwana Eliakimu alikula paja, akala la pili, akala na kifua, akalamba vidole na kuandika kwa kidole kilicholambwa. Akachungulia jikoni, akaandika tena. Alipoaga, Bi Filomena alimsindikiza hadi njia panda, akamwombea safari njema. Majirani wakachukua vitu vyao. Mama Doroteya alipokuwa akitoka na kochi la mwisho alisema, "Kijana anajua kula. Huyo atatuandikia vizuri."

Aliandika vizuri mno. Baada ya muda taarifa ya uthamini ilibandikwa kwenye mlango wa Bi Filomena, ikisema kwamba anamiliki jumba la daraja la pili lenye ukumbi wa mikutano, mgahawa na kituo cha mawasiliano ya masafa marefu. Kodi yake ilipangwa sawa na ya hoteli iliyo karibu na Ikulu. Asipolipa, jumba lingepigwa mnada. Pensheni yake ya udobi isingelipia hata kile kipengele cha mgahawa.

Aliketi kwenye kigoda, akaisoma tena taarifa ile kwa sauti, akidhani pengine imebandikwa kwenye mlango usio wake.

"Twende tukawaeleze," alisema Mama Doroteya. "Vile vitu ni vyetu. Kochi langu lina mkojo wa wajukuu wangu, nitawaonyesha."

Kule idarani karani aliwasikiliza kwa upole sana. Alikuwa mtu mwenye adabu, aliyesikiliza watu tangu asubuhi mpaka jioni, na kwa hilo alikuwa amepandishwa cheo mara kadhaa.

"Mama, unasema vitu uliazimwa," alisema.

"Niliazimwa, mwanangu. Ni desturi yetu. Hata kwenu mnafanya."

"Kwetu tunafanya, lakini hapa ofisini hatufanyi. Ngoja nikuelewe. Ukipata mgeni, watu wako tayari kukupa makochi, saa, mapazia, hata zulia la kanisa?"

"Ndiyo."

"Bila kulipa?"

"Nilipe? Ni majirani."

Karani akavuta faili, akaongeza mstari. "Hiki kilikuwa kimesahauliwa. Thamani ya ujirani. Ahsante kwa uaminifu wako, mama."

Mama Doroteya alifunga mdomo wake kwa kiganja, asije akaongeza mstari mwingine.

Hata hivyo karani hakuwaacha wakate tamaa. Aliwaambia kwa fahari kwamba nchi yao inaheshimu haki, na kila mwenye nyumba anaweza kukata rufaa. Lipo Baraza la Rufaa za Thamani. Tatizo lilikuwa moja tu. Baraza halikuwa na mafuta ya gari kwenda kuona nyumba, kwa kuwa magari yote yalikuwa yamewapeleka wajumbe kwenye semina ya kubana matumizi ya mafuta. Hivyo mkata rufaa alitakiwa kuileta nyumba mbele ya Baraza.

"Kuileta?" aliuliza Bi Filomena.

"Si yote, mama. Serikali haina ukatili. Sehemu yake moja inatosha kuwakilisha. Wengi wanaleta mlango. Halafu utaapa na kutoa ushahidi dhidi yake."

"Dhidi ya nani?"

"Dhidi ya nyumba. Nyumba ndiyo inayotuhumiwa kuwa na thamani. Wewe ndiye shahidi. Sema ubaya wake wote. Ukiisifia hata kidogo, umeshindwa." Akainama, akapunguza sauti kama mtu anayempa ndugu yake dawa. "Itukane, mama. Itukane kabisa. Ndivyo inavyoshinda."

Walipofika kwake Bi Filomena aliingia jikoni, akasimama mbele ya ukuta.

"Nitaapaje uongo, Doroteya? Hii nyumba ni nzuri."

"Nani amekwambia useme uongo? Sema ukweli ule mbaya mbaya. Ule mzuri baki nao."

"Na nikiulizwa ule mzuri?"

"Kohoa."

Bi Filomena alifunga kula, akasali. Aliomba apewe maneno yasiyo dhambi. Hakuomba nyumba iokolewe, kwa kuwa hilo aliliona ni dogo sana mbele ya Mungu, na Baraza lingeweza kulimaliza.

Siku ya rufaa Mzee Kizito na wanaume wa jumuiya waling'oa mlango pamoja na fremu yake, wakaubeba mabegani. Walipopita sokoni watu walivua kofia, na wauza nyanya wakasimama.

"Poleni. Nani ametutoka?" aliuliza mmoja.

"Hajatutoka," alijibu Mzee Kizito. "Anakwenda kwenye rufaa."

"Aa, basi poleni zaidi."

Baraza liliketi katika ukumbi wenye viyoyozi vingi na dirisha moja. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Balthazari Kishindo, mtu mnene wa sauti, ambaye alifungua kikao kwa kuishukuru Serikali kwa kumruhusu kuisahihisha Serikali, akalishukuru Baraza kwa kumchagua, kisha akajishukuru mwenyewe kwa kukubali. Mlango ulisimamishwa kizimbani, ukiegemea nguzo. Wajumbe waliuzunguka. Mmoja aliugonga. Mwingine aliunusa. Wa tatu aliufungua, akachungulia upande wa pili, akamwona yule aliyekuwa akinusa, akatikisa kichwa kwa huzuni.

Bi Filomena aliapa.

"Shahidi," alisema Mheshimiwa Kishindo, "hii nyumba ni nzuri?"

Alikohoa. Wakasubiri. Alikohoa tena, lakini kikohozi kina mwisho.

"Paa linavuja, Mheshimiwa," alisema, na ilikuwa kweli, linavuja masika upande wa dirisha.

"Hatukuuliza paa. Nyumba ni nzuri?"

"Si nzuri, Mheshimiwa."

Makarani waliandika. Mama Doroteya alimfinya mkono kumtia moyo.

"Hapo barazani panasemwa kuna mawasiliano na Mungu. Je, Mungu anafika hapo?"

Wanajumuiya walimtazama. Mzee Kizito alivua kofia yake, akaivaa, akaivua.

"Sijui, Mheshimiwa," alisema Bi Filomena. "Sijawahi kumwona."

"Vema. La mwisho. Mthamini anasema kuna ukuta wenye mchoro wa pekee, uliopinda kwa makusudi ya sanaa. Hii ni nyongeza kubwa ya kodi. Ukuta huo ulipinda kwa nini?"

Bi Filomena aliukumbuka mwendo wa mganga mkuu, tumbo mbele, mikono nyuma. Akamkumbuka Gaspari amekaa chini kwenye mchanga, machozi ya kicheko yakimtoka, mwiko ukiwa umeanguka, akisema, utaniua mke wangu. Hakuna mtu hai aliyeyaona yale isipokuwa yeye. Angeyasema yangeandikwa sanaa.

"Aliyeujenga hakujua kazi," alisema. "Alikuwa mtu mzembe."

"Unamfahamu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Simfahamu."

Wakati huo ilifaa jogoo awike. Hakuwika, maana alikuwa ameshaliwa na Bwana Mthamini.

Mheshimiwa Kishindo alisimama kutoa hukumu. "Ndugu wananchi, leo haki imezaliwa! Baraza hili, baada ya kuichunguza nyumba hii kwa mikono yake, limeridhika kwamba haina thamani yoyote. Haina leo, haikuwa nayo jana, na mwenyewe amethibitisha hilo kwa kiapo. Kodi imefutwa. Mkata rufaa ameshinda!" Akagonga muhuri kwa nguvu, vikombe vya chai vikaruka. Wajumbe walipiga makofi. Mpigapicha wa Serikali alimpiga Bi Filomena picha akiwa na mlango wake, ili nchi za nje zione.

Waliubeba mlango kurudi nao wakiimba, Mama Doroteya naye akiwa ameshika upande mmoja. Safari hii watu hawakuvua kofia, na wauza nyanya walipiga vigelegele. Bi Filomena alitembea nyuma ya wenzake, polepole, akiwa amejifunga khanga kifuani kama mtu mwenye baridi. Alikuwa akijiambia kwamba akifika ataingia jikoni kwanza, kabla ya kunywa hata maji, aombe radhi.

Walipokata kona, wimbo ulikatika. Kwenye ukuta wa mbele kulikuwa na alama ya X nyekundu, rangi yake ikichuruzika bado. Tingatinga lilikuwa limesimama uani, juu ya bustani ya mchicha, likinguruma. Kando yake alikuwa Bwana Eliakimu Tunda. Alikuwa amevaa kofia ya Idara ya Kushusha Thamani, inayoshughulikia fidia, na miwani ile nyingine, nyembamba, ambayo kwa hiyo kila kitu huonekana kidogo na kiko mbali.

"Hongera kwa ushindi, mama," alisema. "Tulikuwa tunausubiri sana."

"Mnafanya nini kwangu?"

"Barabara, mama. Barabara ya Ukombozi wa Mwananchi. Waziri anahitaji kufika uwanja wa ndege bila kupunguza mwendo. Akipunguza anaona mabati, akiona mabati anasononeka."

Mama Doroteya aliutua upande wake wa mlango. "Wewe mtoto! Si wewe uliyekula jogoo hapa, ukasema hili ni jumba?"

"Yule alikuwa Mpandishaji. Mimi ni Mshushaji. Hata mshahara tunalipwa tofauti."

"Na fidia yake iko wapi?"

"Fidia hulipwa kwa thamani," alisema Bwana Eliakimu kwa subira. "Na thamani imeshatajwa na Baraza, na mwenyewe ameiapia. Mimi ni nani nipinge kiapo cha mama mcha Mungu?"

Bi Filomena alisogea mpaka karibu naye. "Baba," alisema, na bado alimwita baba, "hakuna pa kukata rufaa?"

"Ipo, mama! Ni haki yako ya msingi." Alimgeukia dereva wa tingatinga, akampungia mkono aanze. "Ila Baraza litapenda kuiona nyumba."

Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mwisho kuanguka. Kwa kuwa ulikuwa umepinda, koleo la tingatinga liliteleza juu yake, likateleza tena, na dereva alitukana aliyeujenga. Bi Filomena alisikia. Hakukuwa na tusi hata moja pale ambalo yeye hakuwa amelisema kabla yake.

Mama Doroteya alimpa chumba cha uani kilichokuwa stoo ya mkaa, wakakifagia, na wanaume wakapachika ule mlango uliokwenda kwenye rufaa. Ulikuwa mpana kuliko nafasi ya mlango wa chumba chenyewe, ikabidi ukuta ubomolewe kidogo kuupisha. Alhamisi ilipofika, wanajumuiya walijibana humo ndani magoti kwa magoti, mlango ukiwa umefungwa kwa ajili ya vumbi la barabara mpya. Bi Filomena aliongoza sala. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea marehemu, akafika mahali pa viongozi. Hapo akasita. Mama Doroteya, aliyekuwa na uji jikoni, hakumwambia afupishe.

Nje viatu vilikanyaga changarawe.

"Hodi!" ilisema sauti. "Ninyi wa mlango mzuri. Sasa mko kando ya barabara kuu, eneo la biashara hili. Hodi!"

Wote waliitambua. Katika nchi ile hakuna anayeachwa mlangoni. Mdai huambiwa karibu, mwizi aliyesahau kofia yake huambiwa karibu kwanza ndipo apigwe. Mzee Kizito alikuwa ameshafungua mdomo kwa mazoea. Akamtazama mwenye chumba, akaufunga.

Bwana Eliakimu alibisha hodi ya tatu. Walimsikia akifuta vioo vya miwani kwenye shati, haikujulikana ni vya miwani ipi. Bi Filomena alikuwa ameinamisha kichwa. Midomo ilimcheza kidogo kwenye lile neno alilolisema maisha yake yote, na neno halikutoka. Akasubiri mpaka viatu vilipoondoka, jicho la Serikali likiwa halijaona kitu.

Kisha akaendelea na sala. Viongozi aliwaruka wote, kutoka wa juu kabisa hadi yule naibu mpya. Aliomba msamaha kwa Gaspari, kwa ajili ya ukuta.